Undugu wa Kombania

Neno "afande" twalisikia kila siku. Polisi wa barabarani pale Kibiti huitwa afande na madereva wa mabasi yaendayo Lindi. Kijana wa JKT hulitamka mara mia kabla ya jua kuchwa. Hata watoto wadogo wachezao gwaride uwanjani, wakishika vijiti vya mihogo badala ya bunduki, huwa wana afande wao. Walakini ni wachache wajuao kuwa neno hili limetufikia kwa safari ndefu. Asili yake ni "efendi" la Kituruki, lililotumika katika jeshi la Misri, nalo likaletwa pwani yetu na askari wa Kisudani mwaka 1889. Likatumika kwa Wajerumani, likatumika kwa Waingereza, na leo ni letu. Lilikuja pamoja na "shaushi" na "ombasha", lakini hayo mawili yamekufa pamoja na wazee waliokuwa wakiitwa kwayo.

Tumeanza na neno hili kwa sababu habari tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu, wakubwa kwa vijana, yamhusu afande mmoja na yatima aliyemlea, na jinsi undugu uliofungwa katika safu ya askari ulivyodumu hata ukaingia katika siasa za nchi hii. Nasi watu wa Rufiji yatuhusu zaidi ya tunavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya vita vile ilipigwa hapa petu, na hesabu yake haijamalizwa kuandikwa.

Katika mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim kule Pangani, waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Serikali ya Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann kuwazima, naye hakuja na jeshi la Ulaya. Alikwenda Cairo akaandika Wasudani waliokwisha kulitumikia jeshi la Misri, wengi wao Waislamu. Kisha akaagiza wengine kutoka Inhambane, katika nchi ya Msumbiji, Washangaani ambao hapa kwetu waliitwa Wazulu. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Wale walioletwa kumpiga wakabaki, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao leo ni watu wa Dar es Salaam kama mtu mwingine yeyote.

Miongoni mwa Wazulu hao walikuwamo Sykes Mbuwane na mwenziwe aliyejulikana kwa cheo chake, Affande Plantan. Sykes alipata mtoto wa kiume Pangani mwaka 1894, na mtoto huyo akajulikana kwa jina la Kijerumani, Kleist. Halafu jeshi likapelekwa Uhehe kupigana na Mkwawa, na Sykes akaenda nalo. Vita havikumwua. Alipokuwa akirejea alizama katika mto Ruaha. Na Ruaha, msomaji, ni mto unaoingia katika Rufiji yetu: maji yaliyomchukua yalishuka yakapita Utete, yakaingia baharini kati ya mikoko ya delta.

Kleist alikuwa bado mdogo. Affande Plantan akamchukua nyumbani kwake, akamlea pamoja na wanawe mwenyewe, Thomas, Schneider na Ramadhani Mashado. Wakakua wakiitana ndugu, na mji ukawajua hivyo. Habari ya fadhila ya kumlea yatima msomaji wa kurasa hizi hahitaji kukumbushwa. Jambo tulitakalo litazamwe ni hili: watu wale wawili walikuwa mbali na kwao, hawakuwa na ami wala mjomba katika nchi hii. Aliyekuwa karibu na Sykes kuliko watu wote ni yule aliyesimama naye katika safu. Kombania ndiyo iliyokuwa ukoo wake, na alipokufa, ukoo ule ukafanya kazi ya ukoo.

Yafaa tueleze kombania ilivyokuwa, kwa sababu vijana wa leo hudhani askari ni mtu akaaye kambini peke yake na kwenda nyumbani siku za likizo. Jeshi la Wajerumani la hapa, lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa mwaka 1914 na kombania 14 za askari, jumla yao wapata 2,500. Kila kombania ilikuwa kama kijiji. Ndani yake mlikuwa na Msudani, Mnyamwezi, Mmanyema, Mzulu na Msukuma, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Askari aliishi na mkewe na watoto wake karibu na boma, na kombania iliposafiri vitani familia nazo zilisafiri. Mwanamke alipika, alibeba chungu na mtoto mgongoni, akajifungua njiani. Mtoto aliyezaliwa hivyo hakuwa na mahali pengine pa kupaita kwao. Alisikia baragumu kabla hajasikia hadithi za bibi yake.

Walakini tusiandike kana kwamba wale walikuwa malaika. Hapa Rufiji na Umatumbi neno askari lilijulikana kwanza kwa moto. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vita vya Maji Maji vikaanza, na tarehe 4 Agosti mwaka ule ule Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, akanyongwa Mohoro. Waliokamata kamba ya mtutu na kamba ya kitanzi walikuwa watu weusi wenye kofia nyekundu za jeshi, nao ndio waliotumwa kuchoma vijiji na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Wapo wazee waliotuambia tulipokuwa vijana kwamba nyanya zao walikuwa wakisikia viatu vya askari hukimbilia mtoni na watoto, kwa kuwa mamba walikuwa afadhali. Undugu wa kombania ulikuwa undugu wa walio ndani. Walio nje hawakuwa na fungu ndani yake, na hili tutalirudia.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 haikukawia kufika mlangoni petu. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia bandari ya Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa mitambo, kisha ikaja kujificha katika delta ya Rufiji. Mtu ajuaye delta hatastaajabu. Milango ya mto ni mingi, Simba Uranga, Kikunja na mingineyo, maji hupanda na kushuka, na mikoko huficha hata jahazi lenye mlingoti mrefu. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Mwezi wa Novemba wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, katika njia ya maji ili Königsberg isitoke, na Januari 1915 wakaiteka Mafia wapate mahali pa kurushia ndege. Merikebu zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni. Ikawabidi kuleta vyombo viwili vya chini bapa, Severn na Mersey, vilivyovutwa kutoka Ulaya. Vilijaribu tarehe 6 Julai vikashindwa. Tarehe 11 Julai 1915, ndege zikiwaonyesha wapiga mizinga mahali pa kulenga, Königsberg ikaharibiwa, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe isichukuliwe.

Vitabu vingi huishia hapo, kama kwamba baada ya meli kufa delta nayo ilirudi usingizini. Mizinga ya meli ile ilikuwa 10, na Wajerumani waliiopoa yote. Mzinga wa manowari haukuumbwa kutembea. Mamia ya watu walifungwa kamba wakauvuta katika tope, mchanga na vichaka mpaka Dar es Salaam, ili utengenezewe magurudumu. Kisha ukavutwa tena kokote vita vilikokwenda. Mmojawapo ulipandishwa mpaka Kibata mwishoni mwa 1916, ukawapiga askari wa King's African Rifles na Wabaluchi wa jeshi la India waliokuwa wakiishika boma ile. (Kibata, ambayo vijana wetu huichanganya na Kibiti, iko kusini ya mto, katika milima ya Umatumbi, ataipandaye leo bila mzigo wowote atatweta.) Mzinga mmoja wa Königsberg unaonekana hata leo Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, na watalii hupigwa picha juu yake. Majina ya walioivuta mizinga hiyo hayakuandikwa pembeni.

Mwaka 1917 mvua ilinyesha Rufiji kama ya gharika. Brigedi ya Nigeria, ambayo wengi wa askari wake walikuwa Wahausa, ndugu zetu katika dini, ilikwama katika bonde la mto. Barabara zikawa mito, chakula hakikufika, wakapewa nusu posho na chini ya nusu, hata wakachimba mizizi porini na kula wanyama ambao mtu mwenye hiari hawali. Tunawataja kwa kuwa wako waliozikwa katika ardhi hii, mbali sana na Kano na Sokoto.

Katika vita hivyo Kleist Sykes na Schneider Plantan, mwana wa kuzaa na mwana wa kulea wa nyumba moja, wote wawili walikuwa upande wa Wajerumani. Kamanda wao mkuu alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, aliyevuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akazunguka akarudi, akaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Askari waliobaki naye walikuwa kiasi cha 1,100 na kitu. Kwa miezi mingi hawakuwa wamepata mshahara ila karatasi ya ahadi. Kwa nini hawakumkimbia? Wapo waliokimbia, tena wengi, na Wazungu wasifuo sana uaminifu wa askari huyaruka hayo. Lakini waliobaki hatudhani walibaki kwa ajili ya Kaisari ambaye hawakumwona. Mtu mwenye mke na watoto watatu katika msafara, na shaushi aliyemwozesha, na mwenziwe aliyemzikia baba, angekimbilia wapi?

Vita vilipokwisha, Kleist alijikuta katika nchi ya mtawala mwingine. Akaajiriwa katika reli na Waingereza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kalamu. Hakurudi kwenye bunduki, ila desturi ya kombania hakuiacha: kuwa na orodha ya wanachama, kuwa na ada, kuwa na mtu wa kuandika, na mwenzako akifiwa uende. Mwaka 1929 alikuwa katibu mwanzilishi wa African Association hapo Dar es Salaam, rais wake akiwa Cecil Matola. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama kilichojenga shule ili watoto wa Kiislamu wasome dini na elimu ya dunia mahali pamoja. Sisi tulioshika kazi ya kufundisha watoto twaweza kukadiria uzito wa kazi ile kwa zama zile, ambapo mzazi wa Kiislamu aliogopa shule ya serikali na ya misheni kwa kiasi kimoja.

Na nyumba ya Plantan nayo haikulala. Thomas alikuwa rais wa African Association. Ramadhani Mashado alimiliki na kuhariri gazeti la Kiswahili liitwalo Zuhra. Schneider, aliyekuwa mkali kuliko wote, aliwekwa kizuizini na Waingereza wakati wa vita vya pili, kwa kudhaniwa kuwa moyo wake bado uko kwa Wajerumani. Hapa pana jambo la ajabu. Wakati Schneider alipokuwa ndani kwa ajili ya jeshi lake la zamani, watoto wa Kleist, ambao kwa desturi ya nyumba zile ni watoto wake, walikuwa wamevaa sare ya Mwingereza. Abdulwahid, aliyezaliwa 1924, na mdogo wake Ally, aliyezaliwa 1926, waliandikwa King's African Rifles wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Abdulwahid alikuwa katika batalioni ya sita, na batalioni hiyo ilianzishwa mwaka 1917 hasa kwa kuwaandika askari wa Mjerumani waliotekwa. Hivi mwana aliingia chini ya bendera iliyompiga baba yake, katika kikosi kilichoumbwa kwa wenzi wa baba yake.

Burma iliwafundisha vijana wale mambo ambayo mkoloni hakukusudia. Mtu wa Bukoba, wa Songea, wa Tanga na wa Rufiji walikula sahani moja, wakamwona Mzungu akiogopa na akifa kama wao. Vita vilipokwisha, askari wa Tanganyika walikusanywa katika kambi ya Kalieni, karibu na Bombay, kungoja meli ya kurudi nyumbani. Huko, mwishoni mwa mwaka 1945, Abdulwahid alikaa na wenziwe wakazungumza kwamba wakirudi, chama kile cha baba zao kigeuzwe kiwe chama cha siasa cha kudai nchi. Mtu akituuliza TANU ilianzia wapi, twamwambia kuwa tawi moja la mizizi yake liko ndani ya hema la askari, Bara Hindi.

Kleist alifariki mwaka 1949, Mwenyezi Mungu Amrehemu. Mwaka 1950 vijana waliingia katika uongozi wa chama, Dr. Vedasto Kyaruzi akiwa rais na Abdulwahid katibu wake, na aliyewasukumia mlango ni Schneider Plantan, ingawa waliotolewa walikuwamo kaka yake mwenyewe Thomas. Yamkini mtu asiyewajua angesema ni fitina ya nyumbani. Sisi twaona vingine: mzee yule alikuwa akilipa deni kwa mtoto wa Kleist, kama baba yake alivyolilipa kwa mtoto wa Sykes. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, na katika kadi zake za kwanza namba 1 ilikuwa ya Julius Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid.

Tumeyajua haya yote kwa sababu gani? Kwa sababu Kleist kabla ya kufa aliandika habari za maisha yake kwa mkono wake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia karatasi hizo katika makala iliyochapishwa mwaka 1973 ndani ya kitabu kilichohaririwa na John Iliffe, na baadaye Mohamed Said akaandika kitabu kizima juu ya Abdulwahid. Kleist asingeshika kalamu, tungelikuwa na jina tu, labda na picha moja ya mzee mwenye tarbushi.

Tutazame sasa undugu wa jeshi ulivyowafikia wazee wengine. Mwaka 1953 Lettow-Vorbeck, mzee wa miaka themanini na zaidi, alirudi Dar es Salaam kutembea. Askari wake wa zamani wakaja kumlaki bandarini, wazee wenye fimbo, miaka thelathini na mitano baada ya Abercorn, wakamwimbia wimbo wa msafara. Alikufa Machi 1964. Mwaka huo huo bunge la Ujerumani ya Magharibi likaamua kuwalipa askari waliobaki hai fedha zao. Husimuliwa kwamba wazee wapata 350 walikusanyika Mwanza, na wachache mno ndio waliokuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare vilivyooza. Mtu wa benki aliyeletwa na fedha akashindwa la kufanya, mpaka alipopata shauri: kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kama kwamba ni bunduki: simama, tega, weka begani. Husemwa hakuna hata mmoja aliyekosea.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kwa kicheko, nasi tulicheka tulipoisikia mara ya kwanza. Lakini itazame kwa jicho la Rufiji. Aliyejua amri alilipwa. Je, yule ambaye hakuwahi kuamriwa ila "beba" angeonyesha nini kwa ufagio?

Maana vita vile havikubebwa na askari. Vilibebwa na wapagazi. Kila askari mmoja aliyekuwa mstari wa mbele alihitaji watu kadhaa nyuma yake, wa kubeba unga, risasi na maji, na kila upande uliwachukua watu wa vijiji kwa maelfu, wengine kwa ujira, wengi kwa kamba. Hesabu rasmi ya Waingereza peke yao inataja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wa leo huona idadi ya kweli yakaribia 100,000. Wengi wao risasi haikuwagusa. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa baridi ya mvua chini ya mzigo. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya namna hiyo haikutunzwa. Dar es Salaam wana kumbukumbu moja ya watu hao ambayo kila mwanamke aendaye sokoni huitamka bila kujua: Kariakoo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililogeuzwa na ulimi wetu, kwa kuwa hapo ndipo kambi yao ilipokuwa. Mtu hununua hapo nazi na kanga juu ya ardhi ambayo baba wa babu yake yamkini alilalia.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya heshima kwa wapagazi pia, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Lakini aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi walifanya vizuri zaidi. Sanamu yao ina watu watatu, na mmojawapo ni mpagazi.

Mpagazi hakuwa na kombania. Hakuwa na afande wa kumlea mtoto wake akizama mtoni, wala namba, wala wimbo, wala siku ya kukusanyika. Aliyekuwa karibu naye safarini alikuwa mtu wa kijiji kingine, ambaye naye huenda alikufa siku ya tatu. Aliporudi, kama alirudi, alikuta mpunga wake umeliwa na jeshi moja na kuku wake na jeshi la pili. Basi akanyamaza, akalima. Sisi wenyewe babu wa mama yetu alikuwa mmoja wao. Kilichobaki kwake katika ukoo ni neno moja tu, kwamba alikuwa hapendi kusikia mtu akipiga filimbi usiku, na hakuna aliyemwuliza kwa nini mpaka alipozikwa.

Hatusemi haya ili kuwapunguzia heshima kina Kleist. Twasema kwa kuwa habari yao imetuonyesha jambo mbili zilizowaokoa na kusahauliwa: mtu wa pili aliyeapa kutokuacha, na karatasi. Ya kwanza imepita, hatuwezi kuwapa wapagazi ndugu wa safu. Ya pili imo mikononi mwetu bado, ingawa si kwa muda mrefu. Waliowaona kwa macho wapagazi wa 1917 wakiwa wazee sasa ni watu wa miaka hamsini na kuendelea, na waliosikia habari kwa vinywa vyao wenyewe ni wachache zaidi, tena wapo majumbani mwetu, kwenye baraza na kwenye mikeka ya jikoni.

Mwaka uliopita tuliwapa wanafunzi wakubwa wa chuo chetu kazi ambayo haimo katika Juzuu Amma wala katika hesabu. Kila mmoja aulize nyumbani: ni nani katika ukoo wenu aliyechukuliwa katika vita vya Wajerumani, alichukuliwa na nani, alibeba nini, alirudi? Wazazi wengine walidhani twatafuta mambo ya serikali, wakakataa. Bibi mmoja wa upande wa delta alimwambia mjukuu wake kuwa hana habari. Kesho yake akamwita tena akamtajia majina matatu ya ndugu watatu, aliyoyasikia kwa mamake, na kwamba wawili walivuta "chuma cha meli" na hawakuonekana tena. Msichana yule alikuja kuyaandika kwa hati yake nzuri ya Kiarabu, kisha kwa Kilatini chini yake, kama tunavyowafundisha.

Mpaka sasa tunayo majina yasiyofika ishirini. Askari ni wawili tu, na wote wawili tulipata cheo na mahali walipotumika. Waliobaki ni wapagazi, na baadhi yao wana jina moja bila la baba. Tumeyaandika hivyo hivyo, na siku ya hitima ya mwezi wa Shaaban yalisomwa yote kwa sauti pamoja na majina ya marehemu wengine wa kijiji. Mzee mmoja alisimama akasahihisha jina la mtu aliyekuwa ami wa babu yake, ambalo tulikuwa tumelikosea herufi moja.

Msomaji wa delta, wa Kibiti, wa Ikwiriri au wa Mohoro aliye na jina la namna hiyo, hata kama hana zaidi ya jina, na aliandike katika daftari la nyumba yake leo hii, pamoja na jina la aliyemwambia. Na akitaka liwemo katika daftari letu na lisomwe Shaaban ijayo, na atuletee. Tunaandika kila Alhamisi baada ya Alasiri.